Maji Yaliyongoja Swali

Watu wa kituo cha utafiti walimwita Bi Hasi, naye hakuwahi kukasirika. Jina lilitokana na majokofu yake matano, yaliyokaa mwaka mzima kwenye nyuzi joto hasi themanini. Wafagizi waliapa kwamba limetokana na mdomo wake, kwa sababu katika miaka ishirini na miwili ya kazi hakuna mkubwa aliyepata kusikia neno chanya likitoka humo. Mwenyewe alisema yote mawili ni kweli, na kwamba mdomo ukikaa jirani na barafu muda mrefu lazima uige.

Kazi yake ilikuwa kutunza sampuli. Kulikuwa na damu, kulikuwa na maji ya uti wa mgongo, na kwa wale ambao familia zao ziliridhia baada ya msiba, kulikuwa na vipande vya ubongo visivyozidi ukubwa wa kiberiti. Vyote vilitoka kwa watu wenye maradhi yanayokula akili polepole: waliosahau njia ya kwao, waliotetemeka mikono, waliomtazama mke wa miaka arobaini na kumuuliza ametumwa na nani. Kila siku saa mbili asubuhi na saa tisa alasiri Bi Hasi alipita mbele ya majokofu, akasoma namba kwenye kila mlango na kuiandika kwenye daftari kwa penseli. Alikuwa na kibao cha plastiki cha kukwangulia barafu milangoni, sweta lililotoboka viwiko, na glavu nene ambazo hakuna mwingine aliyethubutu kuzigusa.

Kituo kilikuwa na mkurugenzi, na mkurugenzi alikuwa profesa. Yeye pia alikuwa na jina la pembeni, ila hakulijua. Walimwita Profesa Swali.

Kisa chenyewe ni hiki. Miaka tisa nyuma kituo kilikusanya maji ya mgongo ya watu arobaini na watatu. Thelathini na mmoja walikuwa wagonjwa wa kusahau. Kumi na wawili walikuwa wazima, wa kulinganishia: wake na waume wa wagonjwa, mpishi wa kantini, na dereva wa kituo ambaye aliambiwa asubuhi kwamba anapeleka mtu hospitali, kumbe mtu mwenyewe ni yeye. Maji hayo hayapendi kuyeyushwa na kugandishwa mara nyingi, kwani kila yanapoyeyuka yanapoteza kitu. Kwa hiyo wenye akili huyagawa siku ileile kwenye vichupa vidogo vidogo, ili anayetaka tone achukue tone lake bila kugusa mengine. Profesa hakutaka vichupa vidogo. Alitaka kila mtu akae kwenye kichupa kimoja kikubwa, kinachong'aa kama kioo, chenye lebo ya buluu. Wageni walipokuja, alifungua jokofu la tatu, ukungu ukamwagika miguuni mwao, akanyanyua trei juu kwenye taa nao wakapiga picha.

"Fungeni mlango," Bi Hasi alikuwa akisema kwa nyuma. "Mnanipandishia joto."

Sasa mtu akiwa na kichupa kimoja tu, asichoweza kukifungua bila kukiharibu kidogo, anafanya nini? Hakifungui. Watafiti vijana waliandika maombi, na Profesa aliyasoma yote kwa makini, akavua miwani, akatoa jibu moja: "Haya si maji ya kuchezea. Tunangoja swali linalostahili." Mwaka wa kwanza watu waliitikia kwa vichwa. Mwaka wa nne walianza kuchekea mikononi. Ngoja ngoja huumiza matumbo, lakini tumbo la Profesa halikuumia. Aliendelea kualikwa kwenye mikutano kuzungumzia hazina yake, na hazina ikaendelea kuwa hazina, yaani kitu ambacho hakimsaidii mtu yeyote.

Bi Hasi aliyachukia majivuno hayo kuliko baridi. Alikuwa na sababu yake, nayo ilikuwa trei ya pili, shimo la saba. Lile lilikuwa la mama yake.

Mama yake alikuwa opereta wa simu enzi za ubao na waya, pale ambapo mtu akitaka kuongea na mtu anamwomba binti amuunganishie. Alizijua namba mia nne kwa kichwa. Mameneja walisahau namba za nyumba zao wakampigia kumuuliza. Alistaafu, akazeeka vizuri, kisha siku moja akiwa na miaka sitini na minane alisimama sebuleni akiwa ameshika simu, akamuuliza binti yake, "Hii unaibonyeza wapi?" Bi Hasi alijua saa ileile. Mtu hakai na ubongo wa watu kwenye trei miaka kumi na tatu akakosa kujua.

Ni mama mwenyewe aliyetaka kutoa. Akili yake bado ilikuwa inakuja na kwenda, na siku ile ilikuwa imekuja. Alisomewa fomu ya ridhaa kurasa sita, akazisikiliza zote, akasaini. Kisha akalala ubavu kwenye kitanda chembamba, akaambiwa akunje magoti hadi kifuani na ainamishe kichwa, ajikunje kama kamba wa baharini, naye akajikunja. Daktari alikosa mahali mara mbili. Mara ya tatu maji yakatoka tone kwa tone, meupe. Siku nne zilizofuata mama hakuweza kuinua kichwa kutoka kwenye mto. Kila akiinuka kilimpasuka. Alilala mapazia yakiwa yamefungwa na kitambaa chenye maji usoni.

"Wameshayatumia?" aliuliza siku ya nne.

"Bado, mama. Ndiyo kwanza yameganda."

"Wasiyafanye pambo, mwanangu. Mimi sikuchomwa nikawe pambo. Wewe si uko hapohapo? Simamia."

Bi Hasi alisema atasimamia. Miaka tisa ikapita, na kila alipoandika namba ya jokofu la tatu alijiona mwongo. Sasa mama yake alikuwa na miaka sabini na saba, hajui jina la binti yeyote kati ya wawili aliowazaa, na maji yake yalikuwa hayajamjibu mtu swali hata moja.

Ndipo ilipokuja barua kutoka kituo kingine cha utafiti, cha mbali. Mwandishi alikuwa daktari wa kike, barua yake ukurasa mmoja tu, jambo ambalo peke yake lilimfanya Bi Hasi ampende. Alikuwa anatengeneza kipimo cha damu kitakachoonyesha ugonjwa mapema, ili wazee wasidungwe tena sindano ya mgongo. Kabla ya kukiamini alihitaji kukilinganisha na maji ya mgongo yenyewe. Aliomba matone kidogo ya kila mmoja wa wale arobaini na watatu. Aliongeza kwamba kuyeyusha mara moja tu si tatizo; alikuwa ameshajaribu akaona.

Kamati ya ugawaji ikakaa. Bi Hasi alikuwa mjumbe asiye na kura, maana yake alikuwa anaruhusiwa kunywa chai. Kikao cha kwanza kiligundua kwamba barua haina mhuri. Cha pili, mhuri ukiwa umekuja, kilijadili saa mbili jina la nani litatangulia kwenye makala itakayoandikwa, kana kwamba makala imeshaandikwa. Cha tatu hakikufanyika kwa kuwa Profesa alikuwa safarini, akihutubia kuhusu umuhimu wa kushirikiana. Cha nne kiliunda kamati ndogo ya kutafsiri neno "kidogo."

Kwenye kikao cha tano Bi Hasi aliweka kikombe chini.

"Profesa, nina karatasi moja."

"Ipo kwenye ajenda?"

"Haipo. Ni ya mama yangu."

Wajumbe wakatazamana. Aliwasomea ukurasa wa nne wa fomu ya ridhaa, ile ambayo wao wenyewe waliiandika na hawakuisoma tangu hapo: mshiriki anaweza kujitoa wakati wowote bila kutoa sababu, na sampuli zake zitaharibiwa, na asipojiweza, msimamizi wake wa kisheria atamwakilisha.

"Msimamizi ni mimi," alisema. "Maji ya mama yakitumwa kwa yule daktari, karatasi hii ya kumtoa naichana hapahapa. Yasipotumwa, kesho saa mbili nafungua jokofu, nayamwaga, naandika kwenye daftari."

"Dada, unatutisha?" Profesa alivua miwani.

"Siwatishi. Namtoa mama yangu. Tena hizo familia nyingine, Profesa, hazina namba yako. Kila mwaka wananipigia mimi kuuliza imefikia wapi. Mwaka huu nitawasomea ukurasa wa nne."

Debe lililovuma miaka tisa lilikuwa limenyamaza. Kabla chai haijapoa, kamati ambayo haikuweza kutafsiri neno kidogo ilikuwa imekubali kutuma ya watu wote.

Wiki mbili baadaye lilifika sanduku la kusafirishia sampuli kwenye barafu kavu, na ndani yake daktari yule alikuwa ameweka kifuko cha vichupa vyake mwenyewe. Bi Hasi alikifungua kifuko, akatoa kichupa kimoja, akakiinua kwenye taa. Kilikuwa kidogo, kibaya, plastiki yenye ukungu kama chupa ya maji iliyokaa juani. Alikuwa ameshawahi kuviona vya namna ile. Miaka tisa nyuma, mwongozo wa ukusanyaji ulitaja aina hiyo ya plastiki kwa jina, ukaipigia mstari. Naye aliyeusoma alikuwa yeye. Alikwenda kwa Profesa na karatasi mkononi, na Profesa alisema vile vya ukungu vinaonekana vichafu, wageni watasemaje, plastiki ni plastiki. Bi Hasi akanyamaza. Alikuwa na mdomo wa kumwambia kila mtu afunge mlango, lakini siku ile alisema mara moja tu, akaona amemaliza kazi yake.

Hakusema kitu. Alijiambia huenda haina neno. Aliyeyusha vichupa vyote siku moja, akagawa kwa mkono wake kutwa nzima bila kula, cha mama yake cha mwisho. Maji yalikuwa safi kama siku yalipotoka, na pamoja na wasiwasi wake alijikuta anatabasamu, kwa sababu hatimaye yalikuwa yanakwenda mahali.

Simu ilipigwa baada ya wiki tano. Alikuwa anakwangua barafu.

"Dada, mimi ni yule daktari wa sampuli. Nimeona nikuulize wewe kabla sijamwandikia mkurugenzi wako. Mwanzoni mliyaweka kwenye vichupa vya aina gani?"

"Vinavyong'aa," Bi Hasi alisema.

Upande wa pili ilisikika karatasi ikifunuliwa.

"Sema tu, daktari. Mimi si mtoto."

Yule daktari alieleza kwa upole. Protini wanayoitafuta watu wote wa kazi hii hunata kwenye plastiki ile inayong'aa. Ilinata kwenye kuta za vichupa tangu siku ya kwanza, maji yakabaki matupu. Na kwa kuwa mgonjwa hutambulikana kwa protini hiyo kupungua majini, vipimo vilionyesha watu wote arobaini na watatu ni wagonjwa. "Hata wale wazima wenu kumi na wawili."

"Hata dereva?"

"Namba thelathini na tisa? Huyo ndiye anayeongoza."

Bi Hasi alicheka. Alicheka hadi akaketi kwenye sanduku, kisha kicheko kikamwisha ghafla, akawa anatazama tu mlango wa jokofu la tatu. Kuku anayeatamia mayai viza angalau hajui. Yeye alijua, au alipaswa kujua, na bado aliyaandikia namba mara mbili kwa siku kwa miaka tisa.

Profesa alilichukua jambo kiume, yaani aliligeuza la mtu mwingine. Alimwita ofisini, akamwonyesha kiti.

"Maji yakimwagika hayazoleki," alisema.

"Haya hayakumwagika, Profesa. Yaliwekwa."

"Ndiyo, ndiyo. La muhimu ni kutazama mbele. Familia tutazifahamisha kwamba sampuli zimemaliza muda wake. Halafu tunaanza Awamu ya Pili. Vichupa sahihi safari hii, vidogo, kila kitu. Wagonjwa tisa bado wako hai. Mama yako angeweza kuwa wa kwanza, kama mfano. Itawapa wengine moyo."

Alilisema hilo bila haya, akichezea kifuniko cha kalamu. Bi Hasi alimtazama kichwa chake kilichochanwa vizuri na akashangaa jinsi alivyowahi kukiogopa.

"Hazikumaliza muda wake," alisema. "Ziliharibika siku ulipochagua vichupa vya kupigia picha, nami nilipokuachia. Hivyo ndivyo nitakavyowaambia."

"Utawaambia kwa barua rasmi, itakayopitishwa na kamati."

"Kamati ikimaliza kutafsiri neno 'rasmi' nitakuwa nimeshawazika wote tisa."

Alitumia Jumamosi tatu. Wengine aliwapigia, wengine aliwaendea, na kila mahali alisema maneno yaleyale, pamoja na sehemu yake mwenyewe, bila kuipunguza. Mwanamume mmoja alimshukuru kwa adabu na kumfungia mlango. Mpishi wa kantini aliuliza mara tatu kama kweli yeye si mgonjwa. Mjane wa fundi saa alimsikiliza akiwa amesimama na ufagio mkononi.

"Kwa hiyo zile siku alizolala gizani analia kichwa," alisema, "zilikuwa za nini?"

"Hazikuwa za kitu, dada."

"Alikuwa amebakiza miezi miwili ya kunijua. Siku nne nikampa profesa wako."

Bi Hasi alisimama pale hadi yule mjane alipoanza tena kufagia, akafagia hadi miguuni pake, naye akaondoka. Njia nzima alimtukana Profesa kimoyomoyo, na kila tusi lilipokwisha alijikuta na yeye yumo.

Nyumbani kwao alikuweka kwa mwisho, na si kwa bahati mbaya. Mdogo wake, aliyeshinda na mama, alimshangaa. "Dada, huyu unamwambia ili iweje? Hata mimi leo ameniita fundi bomba."

"Aliniambia nisimamie. Lazima nimpe jibu."

"Hakumbuki aliuliza."

"Nakumbuka mimi."

Mama alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda, mchana kweupe, nywele zimesukwa, mikono ikivuta nyaya zisizoonekana na kuzichomeka hewani, moja hapa, moja kule. Bi Hasi alivuta kigoda akakaa chini yake. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu. Mtu akiwa na dharau ya kutosha hujiona amejiandaa kwa kila kitu.

"Mama, yale maji yako ya mgongo. Yameharibika. Hayakumfaa mtu. Waliyaweka kwenye chombo kibaya, na mimi niliona nikanyamaza. Nimekuja kukuambia."

Mikono ya mama ilisimama. Alimtazama kwa muda, kwa yale macho ya opereta aliyepokea laini mbovu na anasikilizia kama kuna mtu upande wa pili.

"Yameharibika?"

"Ndiyo, mama."

"Yote?"

"Yote."

"Basi chukua mengine."

Akajilaza ubavu, akampa mgongo. Alikunja magoti taratibu hadi kifuani, akainamisha kichwa, akajikunja kama alivyofundishwa siku ile. Jina la mwanawe lilikuwa limemtoka, na nyumba, na mume aliyemzika, lakini hili mwili ulikuwa umelishika. Kwa mkono mmoja alijipapasa nyuma akapandisha blauzi. Mifupa ya uti ilikuwa imejitokeza, unaweza kuihesabu.

"Fanya haraka, binti," alisema akiwa ameelekea ukutani. "Nina zamu."

Profesa angekubali. Angeita ridhaa, angemwita mtu aje na kamera. Bi Hasi aliiteremsha blauzi, akaichomeka vizuri kiunoni, akaweka kiganja juu ya ule mgongo na kukiacha hapo. Mama aliendelea kujikunja, hakutikisika hata kidogo, akiingoja sindano.